Daftari la Mama wa Kiwandani

  

Leo tuzungumze juu ya mbao. Najua yupo atakayesema, ah, mbao ni mambo ya wanaume, mimi nageuza stesheni. Ngoja kwanza, usigeuze. Nina swali dogo kwako. Wewe uliyeezeka nyumba Mbagala, au Dodoma, au Morogoro, zile kenchi zilizobeba bati lako zilitoka wapi? Utaniambia umezinunua Buguruni. Sawa, Buguruni ndiko ulikozinunua. Mti wenyewe ulikua wapi? Nani aliupasua? Na nani alizihesabu mbao zako usiku kwa mwanga wa simu kabla ya Fuso kuondoka?

Hilo swali la mwisho ndilo linalonileta kwenu leo. Nani alizihesabu?

Twende Mafinga. Asiyepajua, Mafinga iko kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, ukishapita Iringa, kabla hujafika Makambako. Ukikaribia hapo unaanza kuona misindano kushoto na kulia, imesimama kwenye mistari. Hapo ndipo lilipo shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, zaidi ya hekta 135,000 ukichanganya na misitu ya asili iliyomo ndani yake. Majaribio ya kupanda miti pale yalianza mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukaja baada ya uhuru. Leo linasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, wale wenyeji wanaowaita TFS.

Lakini mimi sikuja kusifia shamba la serikali. Kuzunguka shamba hilo, na kuendelea hadi Njombe, kuna watu wa kawaida kabisa wenye ekari mbili, ekari tano, ekari kumi za misindano yao wenyewe. Mwalimu mstaafu anayo. Mchungaji anayo. Bibi mwenye wajukuu sita naye anayo, na ukimuuliza kuhusu gharama za sekondari atakuonyesha mlima kwa kidole. Ekari moja huingia miti mia nne na kitu, ukipanda kwa nafasi ya mita tatu. Na mahali penye miti mingi ya watu wadogo, hapakosi viwanda vya watu wadogo.

Sasa nikisema kiwanda, msikilizaji, usifikirie jengo lenye geti na mlinzi mwenye kofia. Kiwanda ninachokizungumzia ni injini kuukuu, mara nyingi ya trekta, mkanda mrefu, meza ya chuma, na msumeno wa duara unaozunguka wazi. Juu yake pengine pamewekwa bati, pengine turubai. Wenyewe wanauita mtambo huo dingidongi. Mtambo huhamishwa. Leo uko kwenye shamba la fulani, mwezi ujao umevutwa bonde la pili. Na kwa sehemu kubwa ni mali ya familia. Baba ndiye mwenye mtambo, kijana mkubwa anaendesha, mdogo wake anapokea mbao upande wa pili, na binamu ndiye dereva.

Na mama je?

Ukiuliza kijijini, utaambiwa, mama yupo nyumbani. Ukiuliza mgeni wa takwimu, atamwandika mkulima. Ukimuuliza mama mwenyewe, naye, kwa adabu za kwetu, atasema, "Mimi namsaidia tu mzee." Shikeni hilo neno, namsaidia tu. Tutalirudia.

Tumchukue mama mmoja wa namna hiyo. Simtaji jina, kwa sababu wako wengi, na wewe unayenisikiliza pengine ni mmoja wao. Tufuatane naye siku moja ya kazi.

Anaamka kabla ya adhana na kabla ya kengele ya kanisa. Mwezi Julai huko nyasi huamka nyeupe kwa umande ulioganda, na mtu akisema neno, mvuke unamtoka kinywani. Kabla vibarua hawajafika, uji uko jikoni. Si uji wa watu wawili, ni wa watu wanane, tisa. Kijana anayesukuma gogo kwenye msumeno hawezi kuanza kazi na njaa, mikono itatetemeka, na mikono ikitetemeka karibu na lile duara tunazungumza habari nyingine. Uji ule ni sehemu ya usalama wa kiwanda, ingawa hakuna mkaguzi anayeuandika.

Uji ukishanyweka, anamtuma boda mjini. Dizeli lita ishirini, tupa mbili za kunolea meno ya msumeno, na mkanda ule wa akiba, maana wa sasa umeanza kupasuka pembeni. Nani aliyeona kwamba mkanda umeanza kupasuka? Yeye. Alipita jana jioni akifagia pumba la mbao, akauona. Mkanda ukikatika saa nne asubuhi katikati ya gogo, vibarua wanakaa mpaka saa nane wakipiga soga, na siku imekwisha. Kwa hiyo nauli ya boda ya asubuhi, ambayo mzee analalamika kwamba ni kubwa, imeokoa siku nzima.

Halafu kuna kipimo. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo fedha ya kiwanda inapopotelea, na ndipo mama huyu anapoijua kazi kuliko anavyojisifu.

Msumeno wa dingidongi ni mnene. Kila unapopita kwenye gogo, unakula unene wa milimita 6, 7, hata 8, unageuka kuwa pumba. Ukipita mara saba, umeshakula ubao mzima wa inchi mbili. Ongeza hapo mabanzi, zile pande za nje zenye magome. Wanaoijua kazi hii hukadiria kwamba katika mitambo ya namna hii karibu theluthi moja tu ya gogo ndiyo inayotoka ikiwa mbao safi. Theluthi moja! Zilizobaki ni pumba na mabanzi. Mitambo ya msumeno wa utepe, ule mwembamba, inatoa zaidi kwa gogo lilelile, lakini bei yake si ya kila mtu, na ikiharibika, fundi wake hapatikani chini ya kila mti.

Sasa mama yetu anachukua futikamba. Anachomoa ubao mmoja kwenye rundo, ubao wa mbili kwa nne, urefu futi 12. Anapima mwanzo: inchi mbili kamili. Anatembea mpaka mwisho wa ubao, anapima tena: inchi moja na robo tatu. Anachomoa wa pili. Hivyo hivyo. Wa tatu. Hivyo hivyo. Hasemi kitu kwanza. Anakwenda kusimama nyuma ya mtambo, anaangalia msumeno ukizunguka, na anaona unayumba kidogo ukiingia kwenye fundo la mti. Meno yamekuwa butu, msumeno unapata joto, ukipata joto unapinda. "Baba Fulani," anamwambia mumewe kwa sauti ya chini, ili asimwaibishe mbele ya vijana, "msumeno upumzike, unolewe."

Mzee akikubali, vizuri. Asipokubali, msikilizaji, ile robo inchi itasafiri mpaka Dar es Salaam. Mnunuzi kule naye ana futikamba. Atazitenga mbao zile pembeni, atasema hizi hazijatimia, na atazinunua kwa bei anayoitaka yeye, kwa sababu gari limeshafika, dereva anataka kurudi, na hakuna anayerudisha mbao mlimani.

Mnanielewa? Robo inchi. Aliyeiona ni yule "anayesaidia tu".

Tuendelee. Mchana analeta ugali na maharage, au viazi, kwa kuwa huko viazi mviringo havikosekani. Jioni mtambo ukizimwa, masikio ya kila mtu bado yanavuma, ndipo daftari linapofunguliwa. Ni daftari la shule, lile la kurasa 96, lenye jalada lililochafuka utomvu. Upande mmoja ameandika mbao kwa aina zake, mbili kwa mbili, mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane. Upande wa pili ameandika watu. Fulani amepasua kiasi gani, fulani amechukua sabuni na sukari, fulani amekopa kwa sababu mtoto anaumwa. Maana vibarua wengi wa huko hulipwa kwa idadi ya mbao, na Jumamosi ndiyo siku ya hesabu. Daftari likikosea Jumamosi, Jumatatu mtambo hauna watu.

Na karatasi za serikali zipo. Kibali cha kuvuna. Hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ambayo bila hiyo gari litasimamishwa kizuizini na mzigo kushikwa. Ushuru wa halmashauri. Risiti. Karatasi hizo zote ziko wapi? Kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya sanduku, chini ya vitenge vya mama. Dereva akipiga simu kutoka kizuizini saa saba usiku, "karatasi ya mzigo wa juzi iko wapi?", mzee anamgeukia nani? Anamgeukia huyohuyo.

Nimesema mengi mazuri juu ya mama huyu, na sasa niseme moja ambalo halitamfurahisha. Shambani, pale ambapo gari haliwezi kufika, mbao husombwa kwa kichwa mpaka barabarani. Wanaosomba wengi wao ni wanawake wenzake, wengine wana mtoto mgongoni na ubao mbichi kichwani, na ubao mbichi wa msindano ni mzito kama jiwe, maji bado yamo ndani. Wanalipwa kwa ubao, fedha kidogo sana. Na anayewahesabia, anayewakata wakichelewa, anayesema "leo bei imeshuka", mara nyingi ni mama wa kiwandani. Anajua maisha yao kwa sababu mengine aliyapitia mwenyewe. Bado anawabana. Biashara ndogo hubana kila aliye chini yake, na mwanamke akishika daftari habanduki kwenye tabia hiyo kwa kuwa tu ni mwanamke. Mama wa kiwandani unayenisikia, wasombaji wako waangalie.

Haya, tutoke kiwandani kidogo, twende kijijini. Kiwanda cha familia kijijini hakikai peke yake.

Yale mabanzi niliyosema yanabaki, yanakwenda wapi? Yanakuwa uzio wa kuku. Yanakuwa banda la nguruwe. Yanakuwa kuni za mama lishe anayewapikia wapasuaji wa bonde zima. Na pumba je? Pumba linapikia. Wako wasikilizaji wa mjini ambao hawajawahi kuona jiko la pumba, ngoja niwaeleze. Unachukua kopo tupu la rangi, lile la lita nne, unatoboa tundu moja chini ubavuni. Unasimamisha chupa tupu katikati ya kopo, na kijiti kimoja unakipitisha kwenye lile tundu mpaka kiguse chupa. Kisha unamimina pumba pembeni mwa chupa na kulishindilia, unamimina, unashindilia, mpaka juu. Halafu unazungusha chupa polepole na kuitoa, unachomoa na kijiti. Panabaki njia safi ya hewa. Unawasha kwa chini. Pumba linaungua taratibu kutoka ndani kwenda nje, na maharage yanaiva bila mtu kukaa akichochea. Moshi upo mwanzoni, sitawadanganya, kwa hiyo liwashie nje kwanza.

Nani anagawa pumba na mabanzi? Mama. Nani wa kununua, nani wa kupewa bure, nani aliyechukua juzi akaenda kuuza? Anawajua.

Na kuna jambo zito zaidi. Kijijini mtu akifariki usiku, watu wanakwenda kugonga wapi? Kwa mwenye mbao. Jeneza linatakiwa kesho saa saba. Zinatakiwa mbao za moja kwa kumi, kavu, zisizo na ukungu wa bluu, maana misindano ikikaa mbichi inashika ukungu huo upesi. Baba amelala. Anayefungua mlango ni mama, na kitenge chake begani. Anasikiliza, anatoa pole, anauliza aliyefariki ni nani. Halafu anaamua pale pale mlangoni: hizi mtalipa mwisho wa mwezi, au hizi ni rambirambi yetu. Uamuzi huo hauandikwi kwenye daftari. Ila siku kiwanda kitakapopata ajali, au shamba lao likishika moto mwezi wa tisa, kijiji kizima kinakumbuka, na watu wanatoka na matawi mabichi mikononi kwenda kuuzima.

Nimetaja ajali. Nipite upesi, ingawa si jambo la kupita upesi. Msumeno ule uko wazi, vidole vinakatika. Ukipita vijiji vya mbao utaona mikono isiyotimia vidole. Mwenye kiwanda, hata kama wafanyakazi wako ni watatu, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, ulianza kazi mwaka 2015, na mwajiri wa sekta binafsi anatakiwa kujisajili na kuchangia. Mfanyakazi akiumia kazini, fidia na matibabu yanatoka huko. Wengi wa dingidongi hawajajisajili. Kijana akikatwa vidole, anabebwa kwa bodaboda mpaka hospitali, na anayebaki akiosha damu kwenye meza ya chuma na kumpelekea mama wa kijana yule mchele na sukari, ni nani? Mnamjua sasa.

Basi. Tumemwona. Uji, mkanda, futikamba, daftari, karatasi, mabanzi, msiba. Sasa turudi kwenye lile neno tulilolishika mwanzoni: "Mimi namsaidia tu mzee."

Nawauliza, akina mama wa viwandani na akina baba mlio nao: kiwanda hiki ni cha nani?

Usinijibu kwa moyo, ukasema "ni chetu sote". Nijibu kwa karatasi. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, ni la nani? Akaunti ya benki ni ya nani? Shamba la miti, ile hati ya hakimiliki ya kimila kama mnayo, ina picha ya nani? Kadi ya Fuso ni ya nani? Katika nyumba nyingi jibu ni moja: baba, baba, baba, baba.

Utasema, kwani kuna ubaya gani? Tunapendana. Na mimi nasema pendaneni, Mungu awazidishie. Lakini sikiliza sheria inasema nini, maana sheria haiulizi kama mlipendana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema hivi kwa lugha yangu rahisi: mali ikipatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja, mahakama itaanza kwa kuichukulia kuwa ni ya huyo mmoja peke yake. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, mahakama itaanza kwa kuichukulia kuwa wana haki sawa. Inaanza tu hapo, unaweza kuleta ushahidi kuonyesha kinyume. Lakini mzigo wa kuonyesha ni wa nani? Ni wa yule asiyekuwepo kwenye karatasi. Narudia, kwa sababu ni muhimu: jina moja, mzigo ni wako. Majina mawili, unaanzia nusu.

Na ushahidi upo? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Pale mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali. Kupika ni mchango. Kulea ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na alichokiomba, kwa sababu nyingine za kesi yake, lakini msimamo ule ulibaki na mahakama zinautumia mpaka leo. Ikiwa kupika ni mchango, je, kupima mbao, kulipa vibarua na kutunza hati za kusafirishia? Mama, daftari lako lile lenye utomvu ni ushahidi. Usiwashie jiko.

Hilo ni la ndoa ikivunjika. Lakini mimi naogopa zaidi kifo kuliko talaka, kwa sababu biashara ya miti ni biashara ya miaka. Ulipanda mwaka jana. Utavuna lini? Wenye haraka wanakata miaka kumi, na mbao zao ni nyembamba na laini. Wenye subira wanakwenda miaka 20, 25. Katika miaka 25, wasikilizaji wangu, mengi hutokea. Baba anaweza kutangulia mbele ya haki huku misindano bado iko kiunoni.

Hapo ndipo kikao cha ukoo kinakaa. Shemeji mkubwa anapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi. Sina ubaya na mashemeji, wako wazuri wanaosimama kama ukuta kwa mjane. Lakini hebu tuelewane juu ya mambo mawili. Kwanza, msimamizi wa mirathi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa, na kuirudishia mahakama hesabu. Pili, mjane anaruhusiwa kuomba usimamizi yeye mwenyewe, na mahakama ikiona anafaa itampa. Kikao cha ukoo kinapendekeza, mahakama ndiyo inayoteua.

Na tusifichane. Zile kanuni za sheria ya kimila zilizoandikwa mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, zinasema mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake, zinasema, ni kutunzwa na watoto wake. Kanuni hizo hazijafutwa. Kama itatumika hiyo, au sheria ya Kiislamu, au ile sheria ya urithi tuliyorithi kutoka India, mahakama inaangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Sasa wewe unataka kuishi maisha yako yote ya kazi kwa kutegemea watu wengine waje kukisia mume wako alikusudia nini?

Hapo ndipo majina kwenye karatasi yanapokuwa na kazi. Kilicho na jina lako hakiingii chote kwenye urithi wa mtu mwingine. Nusu yako ni yako, inabaki imesimama, wanagawana ile nyingine.

Najua akina baba mlioketi hapo mmeanza kukunja uso. Mmoja ananiambia moyoni, "Huyu mtangazaji anataka wake zetu watutoroke na mashamba." Baba, nikuulize kwa heshima. Huyu mwanamke ambaye umempa ufunguo wa stoo ya dizeli, umempa fedha ya vibarua ya wiki nzima, anajua namba yako ya siri ya simu kukushinda, huyo ndiye unayeogopa kumwandika kwenye hati? Kama angetaka kukutoroka, angekutoroka Jumamosi yoyote na mshahara wa watu tisa.

Mwingine ana hoja nzuri zaidi, nikiri. Anasema, "Shamba hili ni la ukoo, nilipewa na baba yangu, haliwezi kuandikwa jina la mke." Sawa. Ardhi ya ukoo ina mizizi yake na siwezi kuing'oa kwa dakika tano za redio. Lakini miti iliyo juu yake mmeipanda pamoja. Mtambo mmeununua pamoja, kwa fedha ya kikoba chake na mauzo ya viazi vyako. Jina la biashara halikutoka kwa babu. Anzia hapo. Ubia wa mke na mume BRELA wanausajili, hauna mwiko. Akaunti ya majina mawili benki wanafungua. Na ekari zile mbili mlizonunua baadaye kwa jirani, ambazo hazina ukoo ndani yake, hizo hati ya kimila inaweza kubeba picha mbili na majina mawili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi, kuimiliki, kuitumia na kuiuza.

Kuna faida ya pembeni pia, ambayo akina baba wa biashara mtaipenda. Kikundi cha wanawake kikitaka mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ambamo wanawake wana fungu la asilimia 4, kinaulizwa mradi wake ni upi. Mama ambaye biashara inamjua kwa jina anayo ya kuonyesha. Mama "anayesaidia tu" hana.

Kwa vitendo, nirudie taratibu ili wa kuandika aandike. Kwa jina la biashara ni BRELA. Kwa shamba, nendeni ofisi ya mtendaji wa kijiji mkaulize kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, maana bila huo hati za kimila hazitoki kirahisi. Kwa wosia, andikeni mkiwa wazima, kila mmoja wake, wenye mashahidi, na RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanapokea kuutunza. Msiuweke chini ya vitenge pamoja na hati za kusafirishia, mtauchanganya.

Swali moja nililoletewa na msikilizaji kabla sijaingia studio, nalijibu upesi: "Je, kama mzee hataki kabisa?" Dada yangu, usianze na hati ya shamba. Anza na daftari. Jumamosi hii ukimaliza kulipa vibarua, mwite mzee, mwambie aweke sahihi chini ya ukurasa, na wewe uweke yako. Wiki ijayo tena. Mzee anayeweka sahihi pembeni ya sahihi yako kila Jumamosi kwa mwaka mzima, siku ya kwenda BRELA hatashtuka kuliona jina lako.

Muda wangu unaniishia, mtangazaji mwenzangu ananionyesha saa. Juma lijalo, tukijaaliwa, tutazungumza juu ya moto, maana ukame unaingia na kuanzia mwezi wa nane huko milimani hakuna anayelala vizuri. Mwenye shamba la miti, kabla hatujakutana tena, tembelea kinga moto zako, uone kama majani yamekwanguliwa mpaka udongo au yamefyekwa tu juu juu. Tutaanzia hapo. Kwaherini, na huko kwenye baridi, lalani salama.